NYUMBA YETU: Sigiri Iliyokwisha Kutoa Moshi

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuyahifadhi maharage yasiharibiwe na fukusi. Leo tunazungumza juu ya moto unaoyapika, hasa moto ule ambao umekwisha kutoa moshi, ukatulia, ukapendeza, hata mama wa nyumba akaona ni salama kuuingiza ndani. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, ambacho kwa miaka mingi nimeona haya kukisimulia.

Miaka kumi iliyopita mume wangu, ambaye ni askari polisi, alihamishiwa katika milima ya Kabale. Mimi nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nitoke chuo cha ualimu, nami nilikuwa na mtoto wa miezi sita. Tulipewa yunipoti, yaani ile nyumba ya bati ya chumba kimoja ambayo jamaa za askari polisi nchini Uganda wanaifahamu vyema: mchana tanuri, usiku barafu.

Jioni moja ya mvua mume wangu aliondoka kwenda lindo. Mtoto alikuwa akikohoa. Jirani yetu, bibi mmoja mzee aliyekuwa akiishi na mwanawe koplo, alikuja na kibuyu cha uji wa mtama, ule ambao wenyeji wa huko huuita bushera, akanihimiza ninywe nipate maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Nikanywa, nikamshukuru. Kisha nikaiwasha sigiri barazani, nikangoja moshi wote uishe kama mama yangu alivyonifundisha, na makaa yalipokuwa mekundu nikaiingiza ndani. Upepo ulikuwa ukipita chini ya mlango; nikaziba hapo kwa vitambaa.

Baada ya muda kichwa kilianza kuniuma. Nikadhani ni uchovu. Mtoto alikuwa akilia, kisha akanyamaza, nami nikamshukuru Mungu kwamba usingizi umempata. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka usiku ule.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja alfajiri. Aligonga, hakujibiwa, akausukuma mlango kwa bega. Nilizinduka nikiwa nimelazwa juu ya majani yenye umande, natapika, huku yeye anakimbia na mtoto kuelekea hospitali. Kwa rehema za Mungu mtoto alitiwa hewa ya oksijeni, akapona. Leo yuko darasa la tano.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Kabla ya saa tatu asubuhi maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kambini: "Alikunywa bushera ya yule bibi." Wengine wakasema sumu, wengine wakasema uchawi. Muuguzi hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Mlilala na sigiri ndani?" Nilipojibu kuwa ndiyo, akatikisa kichwa, nami nikajua ukweli tangu saa ile. Hata hivyo nilikaa juma zima bila kuusema kambini, kwa kuwa niliona aibu kwamba mwalimu mzima karibu amuue mwanawe kwa mkono wake. Katika juma lile hakuna mama aliyepokea kitu kutoka kwa bibi yule. Nilipokwenda hatimaye kumwomba radhi, aliniambia maneno haya: "Mwanangu, kibuyu changu kilikuwa na uji tu."

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Asiyeijua hewa hii huweza kuipoteza jamaa yake, na akiponea, huweza kumpoteza jirani.

Kwa nini pua haitusaidii

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hewa tunayoizungumzia haina wingu. Jina lake ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Moshi tunaoukimbia una vitu vingi vinavyochoma koo na kututoa machozi, na kwa hiyo moshi wenyewe hutuonya. Unapokwisha moshi, onyo limekwisha, hatari haijakwisha.

Tutazame yanayotendeka ndani ya sigiri. Mkaa karibu wote ni kaboni. Hewa inayoingia kwa chini hukutana na makaa yanayowaka, na huko huzaliwa hewa ya ukaa ya kawaida. Hewa hiyo inapopanda na kupita katika makaa mekundu yaliyo juu yake, hugeuka na kuwa kaboni monoksidi. Zile ndimi ndogo za rangi ya samawati zinazocheza juu ya makaa ni sumu hii yenyewe ikiungua. Ndimi hizo zikizimika, sumu huendelea kutoka bila kuungua, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu, yametulia kama paka aliyelala. Kwa hiyo sigiri nzuri kwa macho ndiyo ya kuogopwa usiku.

Sumu hii ikiingia mapafuni hushikamana na damu. Ndani ya damu mna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksidi huzishika chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, kama abiria mkaidi aliyekalia kiti cha mwenzake na kukataa kuondoka. Basi mtu hupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, kuishiwa nguvu miguuni, kisha fikira huchanganyika. Hapo ndipo penye msiba: kabla hajatambua kwamba ni lazima atoke, akili ya kumwambia atoke imekwisha kulewa. Aliyelala hapati hata nafasi hiyo.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye maradhi ya moyo na akina mama wajawazito, kwa maana sumu hufika hata kwa mtoto aliye tumboni.

Wala tusidhani kwamba hili ni balaa la maskini peke yao. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa hivyo hivyo mjini Paris mwezi wa Septemba 1902. Moto ulikuwa umewashwa chumbani mwake, na bomba la kutolea moshi lilikuwa limeziba. Mke wake aliponea chupuchupu. Huko nako, kwa kuwa Zola alikuwa na mahasimu wengi, wapo waliojiuliza miaka mingi kama bomba liliziba lenyewe au lilizibwa na mtu. Kifo kisicho na jeraha huzaa shuku mahali popote.

Mtungi wa gesi ni hatari ya namna nyingine

Siku hizi jamaa nyingi zimenunua mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Ni jambo jema. Gesi hiyo, ambayo ni propani na butani, ikiungua vizuri kwa mwali wa samawati hutoa sumu kidogo kuliko mkaa. Lakini mwali ukiwa wa manjano na sufuria ikishika masizi, ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa na kwamba kaboni monoksidi inatoka pia. Zaidi ya hayo, gesi ya mtungi ina hatari yake yenyewe: ikivuja hulipuka.

Kwa asili propani haina harufu. Harufu ile mbaya ya kitu kilichooza tunayoisikia imetiwa makusudi. Sisi walimu tunapaswa kuijua sababu yake. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi ya ardhini isiyo na harufu ilivuja na kujikusanya chini ya sakafu ya shule bila mtu kuitambua. Cheche moja ikaiwasha. Walikufa watoto na walimu karibu 300. Baada ya msiba ule serikali ya Texas iliagiza kwamba gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea kwingine. Kwa hiyo, msomaji, harufu ile inayokukera iligharimu roho za wanafunzi. Usiidharau.

Jambo la pili la kukumbuka ni uzito. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani ni nzito karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hutiririka chini kama maji, huingia mvunguni mwa kitanda, shimoni na katika mfereji, ikakaa ikingoja. Hewa ya mahali hapo ikiwa na propani sehemu 2 hivi katika kila 100, mwali wa kibiriti au cheche ya swichi yatosha kuilipua. Mtoto aliyelala mkekani yuko karibu nayo kuliko baba aliyesimama.

Kila mlinzi na lindo lake

Zamani wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka shimoni na ndege mdogo, aina ya chiriku, ndani ya kizimba. Mtaalamu John Scott Haldane ndiye aliyeshauri hivyo katika miaka ya 1890, kwa kuwa mwili wa ndege mdogo huathiriwa na kaboni monoksidi mapema kuliko wa mtu. Chiriku akianguka, watu walikimbia. Ndege hao walistaafishwa mwaka 1986, nafasi yao ikachukuliwa na vyombo vya umeme. Siku hizi chombo cha namna hiyo, kidogo kama kiganja cha mkono, huuzwa kwa ajili ya nyumba za watu. Nakiita king'ora.

Mfano mzuri wa matumizi yake umo katika yale magari ya Marekani yaliyofanywa nyumba, ambayo watu husafiri nayo likizoni na wengine huishi humo. Ndani ya gari moja mna kitanda, jiko la propani, friji na kifaa cha kupasha joto vinavyotumia propani hiyo hiyo, na pengine jenereta. Nafasi ni finyu, madirisha yamefungwa kwa baridi, moto uko hatua mbili tu kutoka mtoni mwa mtu. Msomaji, je, hujaitambua nyumba hiyo? Ukiondoa magurudumu ni chumba chetu cha kambini. Basi kanuni za utengenezaji wa magari hayo zinataka yawe na ving'ora vya aina mbili: kimoja cha kaboni monoksidi na kimoja cha propani. Na tazama mahali vinapowekwa. Cha propani huwekwa chini, karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo hutambaa. Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, nayo huchanganyika chumbani kote. Kwa hiyo king'ora chake hukaa mahali ambapo waliolala watakisikia, karibu na vitanda, kwa kimo kinachoelekezwa na watengenezaji. Askari anaelewa jambo hili bila kufundishwa: mlinzi hodari aliyewekwa lango lisilo lake hamzuii adui.

King'ora cha kaboni monoksidi hupima kiasi cha sumu na muda uliopita. Kiwango cha Marekani kinakitaka kilie baada ya dakika 60 hadi 240 hewa ikiwa na sehemu 70 za sumu katika kila milioni. Zikifika 400, kilie katika dakika 4 hadi 15. Kwa hiyo kikilia nawe hujisikii vibaya, usiseme kimekosea. Kimekuwahi.

Wenye magari yale wana kosa moja ambalo nalo ni la kutufunza. King'ora kikiwasumbua usiku, wengine hukikata waya au kukitoa betri ili walale. Mara nyingine kweli ni betri iliyochoka, au dawa ya nywele iliyopulizwa karibu na king'ora cha gesi. Lakini kwanza watu wote watoke nje, gesi ifungwe, hewa ibadilike. Ndipo sababu itafutwe. Kadhalika king'ora huzeeka. Vingi hufaa kwa miaka 5 hadi 10 tu, na tarehe ya kukibadili huandikwa mgongoni mwake. Kila juma bonyeza kitufe cha kukijaribu. Na ukinunua, soma vizuri: king'ora cha moshi hakitambui kaboni monoksidi, na cha kaboni monoksidi hakitambui gesi inayovuja.

Nasisitiza hapa: king'ora si ruhusa ya kulala na sigiri. Ni mlinzi wa dharura. Sheria ya nyumba hubaki ile ile, na ambaye hana uwezo wa kununua king'ora anaweza kuifuata sheria hiyo bila kutoa hata shilingi.

Sheria za nyumba

Sigiri ipikiwe nje au barazani, na usiku ilale nje. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Akina mama wanaobandika maharage au kwato ili yaive usiku kucha waache desturi hiyo chumbani. Chumba kikiwa baridi, blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyozibwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa humpasha mtoto joto bila kumdhuru.

Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na sigiri na kandili. Ufungwe kila baada ya kupika. Ukitaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, gesi inatoka. Usijaribu kamwe kwa kibiriti. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime taa, usitumie simu ndani. Funga mtungi ukiweza, fungua mlango na madirisha, toa watoto, na uwaonye majirani.

Nanyi maafande, msidhani kwamba maneno haya ni ya jikoni tu. Askari aliyeingiza makaa ndani ya hema lililofungwa, aliyelala ndani ya gari lililoegeshwa huku injini inanguruma, au aliyeiweka jenereta katika kibanda cha lindo ili isinyeshewe, amejiweka pale pale nilipokuwa mimi usiku ule. Baba aliye lindoni hawezi kuilinda nyumba yake kwa wakati huo huo, basi kabla hajatoka jioni aulize, "Sigiri iko wapi?" Swali hilo ni sehemu ya lindo lake.

Yakitokea

Ukiwakuta watu wamelala na hawaamki, nawe ukaona sigiri ndani, fungua mlango wazi, vuta pumzi ukiwa nje, waburute watoke, wala usikae ndani kuwahoji. Piga kelele upate msaada. Nchini Uganda piga simu 999 au 112. Wapelekwe hospitali hata kama wamezinduka na wanasema wamepona. Katika hewa ya kawaida damu huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi hospitalini muda huo hupungua na kuwa saa moja na kidogo. Mwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa na sigiri, gari au jenereta, kwa sababu kile kipimo kinachobanwa kidoleni huweza kudanganya na kuonyesha kwamba oksijeni inatosha ilhali damu imejaa sumu.

Na dalili ya kukumbukwa na kila mzazi ni hii: watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na nafuu ikawajia wanapotoka nje, tafuteni moto kabla ya kumtafuta mchawi.

Bibi yule wa Kabale aliendelea kuniletea bushera hadi tulipohamishwa. Kila mara nilikunywa mbele ya watu, barazani, ili kambi nzima ione. Hayo ndiyo malipo pekee niliyoweza kumlipa. Leo nawaomba, ndugu wasomaji, mnilipie yaliyosalia: jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, itoeni sigiri.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuchemsha na kuhifadhi maji ya kunywa. Hadi hapo, nawatakia usiku mwema na hewa safi.